Jo: neno la furaha nililolikuta kwa wazee wa Ayrshire

Kazi yangu ni kutunza wazee, na naifanyia Ayrshire, kusini-magharibi mwa Uskoti. Kozi nilizosoma zilinifundisha kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumwumiza yeye wala mgongo wangu, kupima presha na kujaza fomu. Mengi ya yale yanayonisaidia kila siku nimefundishwa na wazee wenyewe, tena kwa lugha ambayo kabla sijasafiri hakuna aliyeniambia kwamba ipo. Katika lugha hiyo kuna neno moja la herufi mbili ambalo limebadilisha namna ninavyoingia chumbani mwa mtu asubuhi. Neno hilo ni jo.

Jo ni Kiskoti cha zamani. Hapo mwanzo maana yake ilikuwa furaha. Baadaye likahama, likawa jina la mtu anayekuletea hiyo furaha: mpenzi wako, mwandani wako, uliyezeeka naye.

Tunaotoka Afrika Mashariki huwa tunafika huku tukijua Kiingereza, na labda tumesikia kwamba visiwani na milimani kuna Kigaeli. Kiskoti hatukijui, na hata wenyeji wengine watakwambia kwamba ni Kiingereza kilichoharibika. Sivyo. Kiskoti na Kiingereza cha leo ni ndugu wa tumbo moja, zote zimezaliwa na Kiingereza cha kale, moja ikakulia kaskazini na nyingine kusini. Mnamo 1375 John Barbour alitunga kwa Kiskoti utenzi mrefu wa vita vya mfalme Robert Bruce, na katika karne ya 15 sheria za bunge la Uskoti ziliandikwa kwa lugha hiyohiyo. Ilikuwa lugha ya mfalme, ya hakimu na ya muuza samaki. Katika sensa ya 2022 watu wapatao milioni 1.5 walisema wanaizungumza.

Neno jo nililisikia mara ya kwanza kwa mama mmoja aliyekuwa akija kumwona mumewe. Mzee alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa maisha yake yote, na sasa dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ilikuwa imemfikisha mahali ambapo hakusema zaidi ya neno moja au mawili kwa siku. Mkewe alifika kila alasiri, akatundika koti nyuma ya mlango, akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, kisha akasema: "Weel, ma jo." Haya basi, furaha yangu. Alisema hivyo kila siku, kwa sauti ileile, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake.

Mimi na mama huyo tulizoeana kwa sababu ya ng'ombe. Kwetu Taita baba alifuga Ayrshire, ng'ombe wa rangi nyekundu na nyeupe ambao wafugaji wengi wa Kenya wanawajua. Nikiwa mdogo nilidhani Ayrshire ni jina la ng'ombe tu, kama vile mtu anavyosema zebu. Nilipomweleza hivyo alishika mkono wangu akanitajia ng'ombe wao mmoja mmoja kwa majina, na nani alikuwa mkorofi wakati wa kukamuliwa. Akawa ananiita hen, kuku jike, ndivyo watu wa magharibi ya Uskoti wanavyomwita binti au mwanamke wanayemwonea upendo. Mimi nikamwomba ruhusa ya kumwita Mama, nikamweleza kwamba kwetu mtu wa rika la mzazi wangu simwiti kwa jina lake kavu. Alifikiri kidogo, akakubali. Ndipo nikathubutu kumwuliza jo ni nini.

Alinijibu kwamba ni neno la nyanya yake, la nyimbo, na kwamba vijana hawalisemi tena. Zaidi ya hapo nilijitafutia mwenyewe. Kamusi kubwa mbili za Kiskoti, ile ya lugha ya zamani yenye majuzuu 12 iliyokamilika 2002, na ile ya lugha ya karne za karibuni yenye majuzuu 10, ziliunganishwa mwaka 2004 zikawekwa kwenye intaneti bure. Katika zamu ya usiku, kengele zikinyamaza, nilizisoma kwenye simu.

Neno hilo limesafiri mbali. Chanzo chake ni Kilatini, gaudium, na wingi wake gaudia. Wafaransa wa kale wakalilainisha likawa joie. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliovuka bahari 1066 na kuiteka Uingereza, walikuja nalo, na katika karne ya 12 mfalme David wa Kwanza wa Uskoti akawakaribisha watu wa ukoo huohuo wa Kinormani akawapa ardhi. Halafu kuanzia 1295 Uskoti na Ufaransa walikuwa na mkataba wa kusaidiana dhidi ya Uingereza, na urafiki huo ulidumu zaidi ya miaka 250. Maneno ya Kifaransa yalipita humo hadi jikoni. Mpishi wetu, mama wa makamo aliyezaliwa hapahapa, sinia la nyama analiita ashet, ambalo ni assiette la Wafaransa, na ukianza kuhangaika mbele yake atakwambia dinna fash yersel, usijisumbue, ambapo fash ni fâcher. Joie nalo likapita njia hiyo. Waskoti walikuwa na joy kama jirani zao, lakini pia wakalikata mkia likabaki jo, na katika karne ya 16 tayari lilikuwa jina la kumwita umpendaye.

Mtu wa Pwani hataona ajabu. Sisi pia tunamwita mtu tulizo, muhibu, laazizi, na tuna mabinti wanaoitwa Furaha na Raha. Kilichonigusa mimi ni kwamba la Waskoti liliacha kabisa kazi yake ya kwanza. Furaha yenyewe ikatafutiwa maneno mengine, na jo likabaki la mtu peke yake.

Anayelibeba neno hili hadi leo ni mshairi Robert Burns, na kwa watu wa Ayrshire huyo ni mtoto wa nyumbani. Alizaliwa Alloway, karibu na mji wa Ayr, tarehe 25 Januari 1759, mtoto wa mkulima mpangaji, akafa Dumfries Julai 1796 akiwa na miaka 37. Miaka yake ya mwisho alikuwa mtoza ushuru wa serikali huku akikusanya nyimbo za wananchi, akizitengeneza palipobomoka, na kumpelekea mchapishaji James Johnson wa Edinburgh bila kudai malipo.

Mojawapo ya nyimbo hizo ni "John Anderson, my jo", uliochapishwa na Johnson mwaka 1790. Wimbo huo ulikuwapo kabla yake, na haukuwa wa kuimbwa mbele ya watoto. Ulikuwa wimbo wa mke anayemlalamikia mumewe mzee kwamba chumbani hana nguvu tena. Burns aliuchukua, akaacha jina la mume na neno jo mahali pake, akabadilisha kila kitu kingine. Katika wimbo wa Burns mke anamwambia mumewe: tulipojuana nywele zako zilikuwa nyeusi kama kunguru na paji lako halina kunyanzi, sasa una upara, na nywele zilizobaki ni nyeupe kama theluji, lakini baraka na zikishukie kichwa hicho chenye umande wa baridi. Kisha anamkumbusha kwamba mlima waliupanda pamoja. Sasa ni kushuka, na watashuka wakipepesuka, wameshikana mikono, mpaka walale pamoja chini ya mlima. Beti mbili tu.

Nakaa sana kwenye wimbo huu kwa sababu niliona kazi yake kwa macho. Yule mzee mfugaji alikuwa hapendi kunyolewa ndevu. Akiona wembe alikuwa anakamata kifundo cha mkono wako, na mikono iliyokamua ng'ombe miaka yote ile haikuwa imelegea. Baadhi ya wenzangu walikuwa wanasubiri asinzie. Siku moja mkewe alikuwepo, nikamwomba anishikie taulo. Alilishika, akaanza kuuimba wimbo huo polepole, sauti yake ya kizee ikikatika kwenye noti za juu. Mumewe haitwi John wala Anderson. Nilipaka povu, nikaanza chini ya sikio, nikavuta ngozi ya shavu kwa kidole kama tulivyofundishwa. Mikono yake ilikaa mapajani. Kila mama alipofika mwisho wa ubeti, kwenye my jo, mzee aliinua kidevu kidogo na kutoa sauti kifuani, akimalizia naye. Nilifika hadi chini ya pua, sehemu ngumu kuliko zote, naye ametulia.

Hakupona, na sisemi kwamba wimbo ni dawa. Siku nyingine hata wimbo haukufaa kitu. Lakini tangu hapo nilielewa kwamba ndani ya mtu aliyesahau jina la mwanawe kuna vyumba ambavyo havijafungwa, na ufunguo wake mara nyingi ni ile lugha aliyoisikia kabla hajaanza shule. Ukimsemesha mzee wa Ayrshire kwa Kiingereza cha ofisini, anakujibu mtu wa ofisini: mpole, mwenye aibu, asiyetaka kusumbua.

Hapo ndipo historia ya lugha hii inapoingia moja kwa moja kwenye kazi ya mtu kama mimi. Falme mbili zilipata mfalme mmoja mwaka 1603, na mabunge yakaunganishwa 1707. Baada ya hapo mtu aliyetaka cheo alilazimika kusikika kama mtu wa London. Mwanafalsafa David Hume, mmoja wa watu wenye akili kubwa kuliko wote wa karne ile, aliandaa orodha ya maneno ya Kiskoti ili waandishi wenzake wayaepuke. Mwaka 1761 mwigizaji kutoka Ireland, Thomas Sheridan, alitoa mihadhara Edinburgh ya kuwafundisha mabwana wa mji kutamka Kiingereza, na watu wakajaa. Sheria ya 1872 ikawapeleka watoto wote shuleni kwa lazima, na shule ilikuwa ya Kiingereza. Wazee wangu, waliosoma baada ya Vita vya Pili, wanaukumbuka mkanda wa ngozi uliochanwa ncha, uliotengenezwa hasa katika mji wa Lochgelly, ambao mwalimu alimchapia mtoto viganjani. Katika shule za serikali haukuondolewa mpaka 1987. Mama yule aliuonja kwa sababu alimjibu mwalimu aye badala ya yes. Aliponisimulia alikunja kiganja chake, ingawa ni mtu wa zaidi ya miaka 80.

Mimi nilimwelewa bila kuhitaji maelezo. Kwetu shule ya msingi, aliyekamatwa akisema Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, alivishwa kibao shingoni, naye akawinda mwingine wa kumvisha, na aliyekuwa nacho jioni alichapwa. Nilimweleza hilo na tukakaa tukitazamana, mwanamke wa Taita na mwanamke wa Ayrshire, tukiwa tumechapwa kwa kosa moja.

Matokeo yake nayaona kila daktari anapopita. Nyanya mmoja humwambia daktari kwa Kiingereza safi kwamba yuko salama, ahsante sana. Daktari akiondoka, nikimwogesha, ananiambia kwamba oxter yake inamchoma. Oxter ni kwapa. Niliinua mkono wake nikaona kidonda kilichoanza kwenye mkunjo wa ngozi, mahali ambapo hata jicho kali lisingefika haraka. Kile kidonda kilitibiwa mapema kwa sababu aliruhusiwa kukisema kwa neno lake. Nimejifunza mengine kwa njia hiyo: hoast ni kikohozi, thrapple ni koo, wame ni tumbo, wabbit ni kuchoka mpaka miguu haitii, peelie-wally ni kupauka kama mgonjwa. Na greet, ambalo kwa Kiingereza ni kusalimia, kwa Kiskoti ni kulia. Mhudumu mgeni akiambiwa asubuhi kwamba nyanya wa chumba cha mwisho amekuwa akigreet usiku kucha, asipojua, ataandika kwenye daftari kwamba usiku ulikuwa mwema.

Kwa hiyo kila mgeni anayejiunga nasi, awe ametoka Ufilipino, Polandi, Nigeria au kwetu, mimi namfundisha maneno ya maumivu wiki ya kwanza. Ya furaha nayo namfundisha. Wengine huona hayo ya pili ni pambo. Mimi siamini hivyo. Mtu hakuelezi panapouma mpaka kwanza ameona kwamba unaijua sauti anayofurahia kwayo.

Wapo waliohangaika kuyahifadhi maneno haya wakati mabwana wa Edinburgh wanayakimbia, na mmoja wao namheshimu sana. John Jamieson alikuwa mchungaji wa kanisa, aliyezaliwa Glasgow mwaka uleule wa 1759 aliozaliwa Burns. Alianza naye kuamini kwamba Kiskoti ni lahaja tu. Msomi mmoja kutoka Iceland, Grímur Thorkelin, ndiye aliyemfungua macho, akimwonyesha maneno ya vijijini Uskoti yaliyo na ndugu zake katika lugha za kaskazini mwa Ulaya. Jamieson alianza kuyakusanya, na mwaka 1808 akatoa kamusi ya majuzuu mawili yenye asili ya maneno na mifano ya matumizi. Burns alikuwa ameshakufa miaka 12. Mmoja aliyaimba, mwingine akayaandikia cheti cha kuzaliwa.

Jo lina ukurasa mmoja zaidi katika maisha yake, na huu karibu kila msomaji ameugusa bila kujua. "Auld Lang Syne", wimbo wa kuagana, wengi wetu tuliuimba tukiwa skauti, mikono imepishana, tukifunga kambi. Burns ndiye aliyeutengeneza kutoka maneno ya zamani. Johnson alipouchapisha mwishoni mwa 1796, miezi michache baada ya Burns kufa, kiitikio kilisema "for auld lang syne, my jo". Mwaka 1799 mchapishaji mwingine, George Thomson, aliutoa kwa maneno "my dear", akauweka kwenye ile tuni tunayoijua sote. Tuni ya Thomson ilishinda, ikazunguka dunia, na dear ikaenda nayo. Jo likabaki katika kitabu cha Johnson.

Mkesha wa mwaka mpya, ambao Waskoti wanauita Hogmanay, wazee wetu hukusanyika sebuleni na keki ya matunda na wiski kidogo kwa wanaoruhusiwa. Mwaka ule mama yule alikuja na koti lake zuri. Wimbo ulipoanza alipaza sauti juu ya wote akasema my jo, ubeti baada ya ubeti, na safu yake yote ikamfuata. Ofisa mmoja aliyekuwa amekuja na zawadi alimwuliza kama amesahau maneno. Mama alimjibu kwamba maneno anayo yeye.

Mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukitambua Kiskoti, pamoja na Kigaeli, kuwa lugha rasmi. Sijui kama wazee wangu wote waliisikia habari hiyo redioni, lakini mimi nilienda nayo kwa meneja siku ya pili. Nilimwomba karatasi moja tu iongezwe kwenye faili la kila mzee: maneno ya nyumbani kwake. Anavyopenda kuitwa na anavyowaita wenziwe. Anasemaje akiumwa, akichoka, akitaka choo. Wimbo gani, sala gani, jina la mnyama gani. Alikubali, na familia ndizo zinazoijaza. Ya mzee mfugaji iliandikwa na mkewe kwa mwandiko wa zamani wa kulala upande. Kwenye mstari wa kwanza ni jo, na chini yake majina ya ng'ombe yamepanga foleni.

Juzi tumempokea nyanya kutoka upande wa Aberdeen, ambako Kiskoti chao ni kingine kabisa. Salamu yake ni fit like, kijana wa kiume anamwita loon na msichana quine. Karatasi yake imejaa pande zote mbili, na wahudumu wa hapa, waliozaliwa Ayrshire, wananiuliza mimi maana. Naifungua kamusi, tunasoma pamoja, kisha tunaenda kumwuliza mwenyewe.